Idhini ya Kitanda cha Mzamil

Ombi la kitanda cha ICU lilikuwa limekataliwa tena. Jael Wanza alilisoma jibu la bima kwenye kompyuta huku chai yake ya rangi ikipoa kando, kisha akalisoma mara ya pili, maana mgonjwa mwenyewe alikuwa juu, ghorofa ya tatu, hana fahamu, na mashine zinamlilia tangu usiku.

Kazi ya Jael katika hospitali ile ya kibinafsi ilikuwa kuyageuza maneno ya madaktari kuwa misimbo. Daktari akiandika malaria, Jael aliingiza msimbo wa malaria. Akiandika mfupa wa paja umevunjika, msimbo wake ulikuwapo. Bima haikuona mgonjwa wala haikusikia akigumia. Iliona misimbo, na kwa misimbo hiyo ikaamua mtu atibiwe kwa kiasi gani na kwa muda gani. Watu wa ofisini waliiita kazi hiyo kodingi, na mamake Jael kule Machakos hadi leo huwaambia majirani kwamba binti yake anakusanya kodi Mombasa.

Sheria ya kazi ilikuwa moja, na aliyeivunja alifukuzwa: usiingize kitu ambacho daktari hakukiandika. Hata ukikijua. Hata kila mtu jengoni akikijua.

Mgonjwa aliitwa Mzamil. Alikuwa karani katika yadi ya makontena Shimanzi, mtu wa miraba minne, na hospitalini aliingia kwa miguu yake, ana jiwe la figo lililoziba mkojo na homa inayomtetemesha. Wakamlaza wodini. Homa haikushuka, na aliyetakiwa kuja kumwona hakuja hadi presha ilipoporomoka. Usaha uliozibwa ulikuwa umeingia kwenye damu na mwili umeanza kuzimika, kiungo baada ya kiungo. Hapo ndipo Dokta Ogutu, bingwa wa figo na njia ya mkojo, alipofika. Na kusema haki, alifanya kazi. Alipitisha mrija ukatoa uchafu, akaagiza antibiotiki kali, akampeleka ICU na kumfunga kwenye pampu ya dawa ya kupandisha presha. Kisha akachukua kalamu, akaandika neno moja la utambuzi, urosepsisi, akatia sahihi, akaondoka.

Madaktari wamelizoea neno hilo. Lakini katika kitabu cha misimbo halimo. Kompyuta ikilipata hulishusha hadi kwa ndugu yake mdogo, maambukizi ya mkojo, ugonjwa ambao mtu hupewa vidonge akarudi nyumbani. Lililotakiwa ni sepsisi, maambukizi yaliyoingia kwenye damu na kuuzima mwili, na baada yake mshtuko wa sepsisi, yaani presha kuanguka mpaka haishikiki bila dawa. Maneno hayo mawili yakiandikwa na bingwa, kitanda kingepata idhini. Yasipoandikwa, Mzamil alikuwa mtu mwenye maambukizi ya mkojo aliyelala ICU kwa anasa.

Jael alipiga simu kwa kampuni ya bima, Nairobi. Msichana mwenye sauti ya upole akamjibu.

"Mfumo unaonyesha UTI, maambukizi ya mkojo, madam. UTI haihitaji ICU."

"Soma maelezo ya manesi. Yuko kwenye noradrenalini tangu usiku. Wakiipunguza tu, presha inakwisha."

"Maelezo ya manesi hatusomi. Tunasoma utambuzi wa daktari bingwa."

"Hapo kwenu hakuna daktari anayeweza kuyasoma?"

"Yupo, lakini yuko mkutanoni. Tuma utambuzi mpya, madam, tutaangalia."

Alipoweka simu, Arnold alikuwa amesimama mlangoni. Arnold alikuwa meneja wa madai, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ya mkono inaweza kukata karatasi. Mkataba wa Jael ulifanywa upya kila baada ya miezi mitatu, na sahihi iliyoufanya upya ilikuwa yake.

"Yule Mzamil wa Old Town vipi?"

"Bado. Namtafuta Dokta Ogutu, hashiki simu."

"Ikifika saa sita bila idhini, anateremshwa wodini. Nimeshawaambia jamaa zake."

"Arnold, akiteremshwa atakufa."

"Wewe si daktari," Arnold alisema, wala hakusema kwa ukali. "Mimi pia si daktari. Ndiyo maana tunafuata utaratibu."

Jael alipanda ghorofa ya tatu kwa ngazi. ICU ilikuwa baridi, yanuka spiriti. Sista Mbodze, nesi wa zamu, alikuwa akimpangusa Mzamil uso kwa kitambaa, na jicho lake moja liko kwenye pampu. Vidole vya mgonjwa vilikuwa vimegeuka rangi. Dokta Janet, daktari kijana wa zamu, alikuwa akiandika amesimama.

"Daktari, naomba nikuulize," Jael alisema. "Bima inataka utambuzi kamili. Hali hii unaiitaje?"

Dokta Janet hakuinua uso. "Unajua ninavyoiita."

"Basi iandike."

"Nimeandika presha. Nimeandika dawa na kipimo chake. Utambuzi ni wa Ogutu, ndiye mwenye mgonjwa. Juzi nilimwongezea neno kwenye faili lake, akanirarua mbele ya wagonjwa kama mtoto wa shule. Na hata nikiandika, si bima wamesema wanataka la bingwa?"

Ilikuwa kweli.

"Nyinyi mwashikana na maneno," Mbodze alisema huku akibadilisha chupa, "na mimi hapa kila nikigeuka nampandisha dawa. Nendeni mkazozane nje. Huyu ana masikio."

Nje ya mlango alikaa mke wa Mzamil. Mahfudha alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani Kibokoni, mwanamke mwembamba aliyejifunga buibui vizuri hata katika taabu ile, na sauti yake ilikuwa imezoea kunyamazisha watoto.

"Dada, wewe ndiwe wa bima?"

"Mimi ni wa rikodi."

"Yule bwana wa shati kaja kunambia nitafute pesa ama niridhie ateremshwe. Niridhie nini? Wala sijui bwana'ngu aumwa nini. Manesi watwambia ngojani daktari, na daktari haonekani. Shemeji yangu Gharib yuwazunguka mji mzima tangu asubuhi akope. N'ambie wewe, kwani kuna nini?"

Jael alikuwa na jibu. Lilikuwa fupi, na mtoto wa chuoni angelielewa. Lakini watu wa rikodi hawakuruhusiwa kuzungumza na jamaa za wagonjwa, na Arnold alikuwa akishuka ngazi za juu.

"Twalishughulikia, dada," alisema, akapita.

Simu ya Dokta Ogutu ililia mpaka ikajikata. Mtu wa mapokezi akamnong'oneza Jael kwamba daktari yuko kliniki yake mwenyewe, Mbaraki, na ana watu wengi. Jael alichapisha karatasi ya swali, akaikunja, akashika tuktuk. Njia ilikuwa imefungwa na lori za bandarini, moja imekwama katikati imebeba kontena, madereva wamezima injini na kutoka nje kuvuta sigara. Alishuka, akaenda kwa miguu juani, jasho likimtiririka mgongoni chini ya sare.

Kliniki ilikuwa na kiyoyozi na samaki wa mapambo ndani ya tangi. Msichana wa mapokezi alimwambia aketi angoje zamu yake kama wengine. Jael aliketi. Aliona mama mmoja akiingia na kutoka, kisha bwana mmoja mnene akaingia na sauti za kicheko zikasikika ndani. Bwana huyo alipotoka, Jael hakungoja kuitwa.

Dokta Ogutu alimtazama juu ya miwani. "Wewe ni nani?"

"Jael, wa rikodi, daktari. Ni kuhusu Mzamil, wa ICU. Bima imekataa kitanda. Neno uliloandika halina msimbo."

"Nimeandika urosepsisi."

"Ndiyo, daktari. Kompyuta inalisoma kuwa ni maambukizi ya mkojo tu."

"Basi hilo ni tatizo la kompyuta. Wewe weka msimbo unaofaa. Si ndiyo kazi yako?"

"Siruhusiwi kukuandikia utambuzi. Hata kulitaja neno mbele yako siruhusiwi. Naruhusiwa kukuuliza." Akaikunjua karatasi juu ya meza. "Mgonjwa ana maambukizi, na presha yake haishikiki bila dawa. Hali hiyo ni ipi?"

Daktari aliisoma karatasi. Hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa mjuzi wa kazi yake, na Jael aliona usoni mwake kwamba neno lilikuwa tayari liko ulimini. Lakini hakuchukua kalamu. Alivua miwani, akaipangusa kwa tai.

"Unajua nikiandika hivyo kinatokea nini? Kamati ya hospitali itaitisha faili. Wataniuliza kwa nini mtu mwenye jiwe na homa alilazwa wodini bila mimi kumwona, mpaka akafika huko. Na mimi niliambiwa kuna mgonjwa wa mawe, basi. Hakuna aliyeniambia ana homa. Lakini nani atakayeandikwa? Ni mimi."

"Daktari, wanamtoa saa sita."

"Nani anamtoa?"

"Arnold."

"Arnold hawezi kutoa mgonjwa wangu ICU." Akachukua simu, akampigia. Waliongea. Jael alisikia upande mmoja tu, na upande huo ulianza kwa hasira, ukaendelea kwa maelewano, ukaishia kwa "sawa, sawa, nitatuma." Daktari akaweka simu, akakaa kidogo akiwatazama samaki kupitia kioo cha mlango.

"Nikimaliza wagonjwa hawa," alisema.

"Sasa hivi, daktari. Tafadhali. Ni mstari mmoja."

"Mama, usinipigie kelele kliniki kwangu."

Jael alikuwa hajapaza sauti. Alirudi kwenye kiti chake. Mgonjwa mwengine akaingia, akakaa sana. Alipotoka, msichana wa mapokezi alimletea Jael karatasi ikiwa na mwandiko wa haraka: sepsisi iliyotokana na kuziba kwa njia ya mkojo, mshtuko wa sepsisi, mgonjwa ahitaji ICU. Sahihi. Muhuri. Jael aliipiga picha pale pale, akaituma bima, akamtumia Arnold, akatoka mbio. Adhana ya adhuhuri ilikuwa ikisikika kutoka misikiti miwili kwa pamoja.

Jibu la bima lilimfikia njiani. Lilikuwa neno moja, la rangi ya kijani: limeidhinishwa. Machozi yalimtoka Jael, na dereva wa tuktuk akamuuliza kama amefiwa. Akamwambia la, ni furaha.

Katika kitanda cha Mzamil alimkuta bwana mwengine, mzee nadhifu wa sharubu, ametolewa upasuaji wa goti, amelala usingizi wa dawa. Sista Mbodze alikuwa akimfunika shuka, na alipomwona Jael mikono yake ilisimama.

"Walimtoa kabla hata ya saa sita," alisema. "Niliwaambia tungoje. Arnold akasema mgonjwa wa upasuaji hawezi kuwekwa koridoni na huyu keshalipiwa."

"Pampu?"

"Pampu ni ya ICU, haitoki. Wamemtundikia dripu ya kawaida, wahesabu matone kwa macho. Na kule wodini nesi ni mmoja kwa wodi nzima. Nimepiga simu juu na chini, Jael. Nimemwambia Janet ampandishe hata kama ni kumweka sakafuni."

"Idhini imefika."

Mbodze alimwonyesha ngazi za kushukia wodini.

Wodini pazia lilikuwa limezungushwa. Machela ya kumrudisha juu ilikuwa imesimama pale, na mtumishi aliyeileta ameishika mpini hajui aisukume au airudishe. Nyuma ya pazia Dokta Janet alikuwa akibonyeza kifua cha Mzamil, akihema, akibonyeza. Mahfudha alisimama upande wa huku, kitambaa cha pazia amekishika kwenye ngumi, akisoma Yasini kwa sauti isiyotetemeka. Aliisoma mpaka kubonyeza kulipokoma. Hata baada ya hapo alisoma kidogo, kisha akanyamaza.

Alasiri Arnold alikuja mezani kwa Jael.

"Pole sana," alisema, na huenda alisikitika kweli, maana macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini umefanya kazi nzuri. Idhini imeingia, kwa hiyo muda wote aliokaa ICU tutalipwa. Funga faili tu kabla jamaa hawajachukua maiti."

Jael alifungua faili. Aliingiza sepsisi. Aliingiza mshtuko wa sepsisi, ambao sasa ulikuwa na sahihi na muhuri. Aliingiza jiwe la figo. Vidole vyake vilienda vyenyewe, kama kila siku. Halafu vikasimama. Kitabu kile kina msimbo wa mtu aliyeanguka mtini, kina wa aliyeng'atwa na mamba. Karibu na mwisho wake kuna mmoja ambao tangu aajiriwe Jael hakuwahi kuuona ukitumiwa na yeyote: mgonjwa kukosa huduma kwa sababu huduma haikufikika. Aliutafuta, akauona, akauingiza chini ya ile mingine.

Arnold aliinama juu ya bega lake. "Hiki ni nini?"

"Ndicho kilichotokea."

"Daktari amekiandika?"

"Hapana."

"Basi sheria unaijua kuliko mimi. Kisichoandikwa na daktari huingizi." Akavuta kibodi upande wake, akaingia kwa neno lake la siri, akakifuta. Ilikuwa kazi ndogo, kama kufuta kosa la herufi. "Na kwenye sababu ya kuhamishwa, weka hali yake ilitengemaa."

"Nani ameandika ilitengemaa?"

"Dokta Janet anaandika sasa hivi."

Na kweli, Jael alipokuwa bado anakitazama kioo, maelezo hayo yaliingia kutoka wodini, kwa jina la Dokta Janet, kwa Kiingereza safi: mgonjwa alikuwa ametengemaa, akahamishwa, akabadilika ghafla. Hata nukta na koma zilikuwa mahali pake.

Hasira ilimpanda Jael, nyingi kuliko aliyojua anayo. Aliikasirikia kompyuta iliyosoma neno moja ikashindwa kumsoma mtu. Alimkasirikia msichana mpole wa Nairobi, na bingwa na samaki wake, na Janet aliyepigania kile kifua kwa mikono yake mwenyewe kisha akaketi na kuandika uwongo kwa mikono hiyo hiyo. Zaidi ya wote alijikasirikia yeye, aliyepita koridoni asubuhi na jibu mdomoni.

"Unaenda wapi?" Arnold alimuuliza. "Faili halijafungwa."

"Lifunge wewe. Neno la siri unalo."

Mochari ilikuwa nyuma ya jengo, karibu na mahali pa kufulia shuka. Mahfudha alikuwa amesimama kivulini na wanawake wawili wa mtaani kwao. Gharib, kakake Mzamil, alikuwa dirishani akingoja kibali cha kuzika, kanzu imemganda mgongoni. Walitaka kumzika kabla ya magharibi.

"Innalillahi," mmoja wa wale wanawake alikuwa akisema. "Siku yake ilikuwa imefika, mwanangu."

Jael alimwendea Mahfudha, akampa mkono. "Makiwa, dada."

"Tunayo." Mahfudha alimtazama, akamtambua. "Wewe asubuhi ulinambia mwalishughulikia."

"Nilikwambia hivyo."

"Mulilishughulikia vipi?"

"Mumeo aliteremshwa si kwa sababu alipata nafuu," Jael alisema. "Wataandika hivyo, na si kweli. Alikuwa na sumu kwenye damu na presha yake ilishikwa na dawa ya pampu. Bima ilikataa kitanda kwa sababu ya neno ambalo daktari hakuliandika. Daktari alijua. Sote tulijua. Neno lilipoandikwa, kitanda kilikuwa kimeshapewa mtu mwengine. Idhini ilifika akiwa hai bado."

Mmoja wa wanawake alishika mdomo. Mahfudha hakulia, wala hakumshukuru Jael. Uso wake ulikaza pole pole, ukawa uso wa mwalimu.

"Na hayo uliyajua asubuhi, uliponipita?"

"Niliyajua."

"Ungalinambia ningalikwenda mwenyewe kwa huyo daktari. Ningalimkalia mlangoni na buibui langu hili, mji mzima uje utazame."

"Najua."

Mashine za kufulia zilikuwa zikizunguka ndani. Kisha Mahfudha akageuka.

"Gharib! Wacha dirisha hilo, ndoo hapa." Gharib akaja, kalamu bado mkononi. Mahfudha akamwelekea Jael. "Haya. Jina lako nani?"

"Jael Wanza."

"Jael Wanza, rudia maneno yako, yote, huyu ayasikie. Na wala usinong'one."

Mlango wa nyuma wa jengo ulifunguka. Arnold alitoka haraka, kadi yake ya kazi ikiyumba kifuani. "Jael! Ofisini, sasa hivi!"

Jael alianza kurudia, tangu mwanzo, tangu siku Mzamil alipoingia kwa miguu yake. Wafua shuka walitoka mlangoni wakasikiliza. Arnold alifika, akanyoosha mkono kumshika begani.

"Bwana, subiri," Mahfudha alimwambia, kwa ile sauti ya chuoni, na mkono wa Arnold ukabaki hewani. "Bado yuwasema."